Xeon ya zamani au N100 kwa seva ndogo?

Ndugu, umeuliza uchukue prosesa ipi ya Intel, Xeon ya zamani au N100, kwa seva ya tovuti zako tatu za WordPress. Mimi ningechukua N100 bila kusita. Ile Xeon E5-2670 unayoitamani ni ya 2012: ina viini 8 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba), sawa, lakini imekadiriwa wati 115, wakati N100 imekadiriwa 6 tu. Bei ya kuinunua Xeon hiyo ni ndogo, umeme ndio unaokumaliza. Hata tofauti halisi ikiwa wati 60 pekee, mashine ikiwaka usiku na mchana, ni kama kilowati-saa 525 kwa mwaka. Piga hesabu kwa bei ya umeme unayolipa.

Halafu PHP, lugha inayoendesha WordPress, hushughulikia kila ombi kwenye kiini kimoja, kwa hiyo kasi ya kiini kimoja ndiyo mgeni wa tovuti anayoihisi. Hapo N100 haiachwi nyuma na hiyo Xeon, pamoja na udogo wake.

Ila ujue mipaka yake: ina viini 4, na Intel wanatambua kumbukumbu (RAM) ya hadi GB 16 tu. Ukipanga kuendesha mashine pepe nyingi (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja), tafuta Ryzen 5 5600G yenye viini 6 na nyuzi 12, yaani kila kiini hubeba kazi mbili kwa pamoja.

Na tafadhali, usibane pesa kwenye diski. Nimeona watu wakilaumu prosesa kumbe hifadhidata inasota kwenye diski ya kuzunguka. Weka SSD (diski isiyozunguka), washa keshi ya kurasa (nakala za kurasa zilizo tayari), kisha angalia prosesa imelemewa kiasi gani kabla ya kununua kubwa zaidi.