Mbuni mmoja uliosalia baada ya mnyauko: usichume mbegu zake

Mleta mada anasema mnyauko fuzari, ugonjwa wa ukungu unaokausha mibuni, umemaliza kahawa yote ya robusta kwenye kibanja alichoachiwa na marehemu baba yake. Umebaki mbuni mmoja katikati, majani mabichi kabisa, na anataka kuchuma mbegu zake apande kibanja kizima. Mkuu, subiri kwanza. Mimi nilifanya hivyohivyo na nikapoteza miaka mingi.

Huku kwetu Misenyi, mkoani Kagera, ugonjwa ulitufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, Uganda walikuwa nao tangu 1993. Dalili unazijua: majani yananyauka upande mmoja wa mti, yanapukutika, matunda yanaiva kabla ya wakati na kukaukia matawini. Ukibandua gome karibu na ardhi unakuta ubao wa ndani umeingia weusi wenye ubluu. Baba aling'oa mibuni aliyoipanda babu, akaichoma palepale shambani, na siku ile hakula. Katika kibanja chetu ilibaki mitatu.

Nikachuma mbegu za ule mmoja uliokuwa umezungukwa na mashimo ya wenzake. Nikapata miche 60. Kufikia mwaka wa nne zaidi ya nusu ilikuwa imekufa kwa ugonjwa uleule.

Bwana shamba ndiye aliyenifungua macho. Robusta haikubali chavua yake yenyewe. Ili ua litunge, chavua lazima itoke kwenye mti mwingine, iletwe na upepo au nyuki. Kwa hiyo mama wa mbegu zangu nilimjua, baba simjui, na huenda alikuwa mmojawapo wa ile iliyokufa mwaka uliofuata. Kuchanganyika huko ndiko kunakofanya kila mbuni wa mbegu uwe na tabia zake, na ndiyo sababu ugonjwa ukipita hauui yote. Arabika ya Kilimanjaro ni tofauti: inajichavusha, shamba zima ni kama watoto wa tumbo moja, chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, ikiweza mmoja imeweza yote. Wakenya walipotoa Ruiru 11, arabika inayohimili chulebuni, mwaka 1985, sehemu ya kinga yake ilitokana na mbuni wa kisiwa cha Timor, ambako arabika na robusta zilikuwa zimezaliana zenyewe.

Basi ukitaka tabia ya mti ule ibaki ilivyo, tumia vikonyo, yaani vipande vya mti wenyewe vinavyooteshwa. Inamisha shina taratibu ulifunge, maotea (machipukizi ya shinani) yachipue wima, uyakate vipande vyenye jozi moja ya majani, kila jani ukilipunguza nusu, uvioteshee chini ya nailoni kivulini. Usikate matawi ya pembeni yanayozaa. Kikonyo cha tawi la pembeni kitaota, lakini mti utatambaa chini maisha yake yote.

Hapa nikakosea mara ya pili. Nilijaza kona nzima vikonyo vya mti mmoja. Ikapona kweli, ikachanua ikawa nyeupe kama pamba, na buni ikawa kidogo mno. Vikonyo vya mti mmoja ni mti uleule mmoja, hata ukiwa na mashina 100, na nimeshasema haukubali chavua yake. Nilipopachika katikati yao miche ya aina nyingine tatu ndipo matawi yakaanza kuelemewa.

Jambo jingine: kubaki hai si ushahidi wa kinga. Ile mitatu yangu, mmoja ulikuwa uchochoroni kwenye uzio, panga halikuufikia. Vimelea hivi huingia hasa kwenye vidonda vya shinani, na tulipoanza kupalilia upande ule ukakauka. Ulikuwa haujakutana na ugonjwa, basi. Watafiti hawakisii: huotesha miche ya ule mti, hujeruhi shina, hutia vimelea, kisha huhesabu inayokufa. Zile KR za Uganda, aina za robusta zinazohimili mnyauko, zilianzia kwenye mibuni iliyosalia ugonjwa ulipopita, kama huo wako. Nasi tuna kituo cha TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, pale Maruku, Bukoba. Nenda kawaeleze habari za mti wako, na urudi na miche ya aina walizokwisha kuzipima.

Nasisitiza aina, kwa wingi. Ugonjwa huu ulionekana kwanza 1927 huko kunakoitwa leo Jamhuri ya Afrika ya Kati, ukaangamiza kahawa ya excelsa. Robusta ilipandwa badala yake kwa sababu ilihimili. Kuanzia miaka ya 1970 ukaibuka upya Kongo, safari hii ukiua robusta ileile. Vimelea navyo hubadilika. Sitapanda tena aina moja peke yake, hata iwe imepimwa mara ngapi.

Kwa msimu huu usipande kahawa kwenye mashimo yale. Mimi niliacha miaka miwili, nikalima maharage. Kuni za mibuni iliyokufa usimgawie jirani wala usijengee uzio, zichome hapohapo. Na chini ya mti uliobaki palilia kwa mkono. Panga lisiguse shina mpaka uwe umeshachukua maotea.