Ukitengeneza tangazo la kejeli, mfikirie mama wa chini ya mwavuli

Tangazo letu la kwanza la kejeli liliharibika kwa sababu lilifanana mno na la kweli. Kampuni moja ya simu ilikuwa imejaza Lubumbashi mabango ya kijana anayecheka, simu sikioni, na huku kwetu Katuba mtandao unakuja na kuondoka kama umeme. Tukaiga rangi, herufi, hata kile kicheko, tukaandika: "Franka 500, mega za mwezi mzima!" Tulidhani watu watacheka. Saa nne asubuhi, mama anayeuza yunite za simu chini ya mwavuli wa kampuni hiyohiyo, ambaye alituona tukibandika, akaniita.

"Mwana yangu, batu beko banantukana tangu asubui. Ile mega yenu ntaitosha wapi?"

Tukaenda kubandua, kimya kimya.

Hata mabingwa yamewakuta. Tarehe 3 Desemba 2004, miaka 20 baada ya gesi ya sumu kuua maelfu ya watu Bhopal, India, mmoja wa Yes Men, wanaharakati wanaojifanya wakubwa wa makampuni, alijitokeza BBC kama msemaji wa Dow, kampuni ya kemikali iliyoinunua Union Carbide, ile ya kiwanda kilichovuja gesi hiyo, akatangaza fidia ya dola bilioni 12. Dow ikabidi ikanushe mbele ya dunia nzima, na hapo ndipo utamu ulipokuwa. Ila walilaumiwa kwa kuwapa waathiriwa matumaini hewa.

Kwa hiyo usiahidi, hata kwa mzaha, kitu ambacho mwenye shida anakitamani. Adbusters, jarida la Kanada linalokejeli matangazo, walimchukua Joe Camel, yule ngamia wa sigara, wakamlaza hospitalini na kumwita Joe Chemo (chemo ni dawa kali za saratani). Nani angekwenda dukani kuulizia hicho?

Mara ya pili tulibakiza kila kitu: kijana, rangi, kicheko. Tukampandisha tu juu ya kichuguu, vile vyetu virefu kama nyumba, viatu mkononi, simu imeinuliwa juu. Maneno: "Alo? Unanisikia?" Chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Masharti yapo." (Yapo kweli: panda kwanza.) Bango la kampuni hatukuligusa, tulibandika kwenye ukuta wa rafiki aliyeturuhusu.

Mama wa yunite aliomba moja. Ameibandika ndani ya kifuniko cha kisanduku chake. Akikifungua, wateja wanacheka. Mtu wa kampuni akipita, anakifunga.