Unapiga wimbo wa huzuni, unajua unamlilia nani?

Kuna mdogo wangu kaniandikia inboksi: "Kaka, najifunza fidla, noti zote nazipata ila nikipiga wimbo wa huzuni hakuna anayesikitika, nifanyeje?" Najibu hapa hapa na wengine msome. Ijue kwanza habari ya wimbo wenyewe.

Chukua Hector the Hero, wimbo wa Waskoti, unapigwa kwa fidla na kwa zile zumari zao za mfuko. Hector MacDonald, kazaliwa 1853, mtoto wa mkulima mdogo wa kaskazini huko, 1870 akaingia jeshini askari wa kawaida kabisa akapanda mpaka meja jenerali, na jeshi la Uingereza la enzi zile vyeo hivyo vilikuwa vya watoto wa wakubwa jamani! Vita vya Omdurman kule Sudan, 1898, vikamfanya shujaa. 1903 akiwa mkuu wa jeshi Ceylon, Sri Lanka ya leo, zikazuka tuhuma za mambo yake ya faragha, akaambiwa akajibu mahakama ya kijeshi, njiani pale Paris magazeti yakamwanika, akajipiga risasi hotelini. Wakamzika Edinburgh asubuhi na mapema, harakaharaka. Mwaka huohuo James Scott Skinner, bingwa wa kupiga fidla mzaliwa wa Banchory huko huko Uskoti, akamtungia huu wimbo, na jina akaliweka wazi, shujaa.

Mimi fidla nimeitolea kwenye taarabu Unguja, sasa niko Aberdeen, Uskoti. Kuna mpigaji mmoja hapa aliniambia mbele za watu huu wimbo si wa kwenu. Iliniuma na bado inaniuma. Jumamosi nimeupiga msibani, kwa kuombwa na wafiwa wenyewe, mzee mmoja wa zumari akaja akanishika mkono asiuachie. Najivunia, sifichi.

Sasa nyie vijana mnakimbilia spidi tu, hamsomi, hamuulizi wazee! Someni habari ya wimbo, nasema tena someni. Halafu wasikilize wa zumari, wana noti tisa tu, sauti haipungui wala hainyamazi katikati, kwa hiyo noti wanazitenganisha kwa vinoti vidogo vya harakaharaka. Wewe una upinde. Ile noti ndefu ya mwisho wa mstari ianze laini, ijaze, halafu ipunguze mpaka karibu ikatike, ndo uingie mstari unaofuata.