Bahari Imekwenda Wapi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina watoto watatu, wa miaka 11, 8 na 4. Mume wangu amepata ruhusa ya Ijumaa moja mwezi ujao, tumekubaliana twende Mombasa tukalale siku mbili, Jumapili turudi. Tunafuatana na mama mkwe. Ana miaka 68, magoti yanamsumbua, na hajawahi kuiona bahari. Mume ameshaandika orodha: Fort Jesus, Haller Park, Diani, Gedi, na "tukipata nafasi" magofu ya Mtwapa. Nikiitazama orodha hiyo nachoka kabla sijafunga begi. Tupange vipi?
— Mama Watatu, Thika

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpe mumeo salamu zangu, kisha ile karatasi ichukue umfungie karanga kitinda mimba. Gedi iko huko karibu na Watamu, kilomita 100 hivi kutoka mjini. Diani ni ng'ambo ya feri ya Likoni, upande mwingine kabisa. Mkifuata orodha hiyo mtakayoiona ni barabara, na mama mkwe atarudi Thika magoti yamevimba.

Watu wa bara wakitaka kuja kwetu huniuliza hoteli kwanza. Mimi huwauliza mwezi utakuwa umefikia wapi. Najua inachekesha, lakini nisikilize.

Miaka kadhaa nyuma nilipokea wageni kutoka Nyeri, na bibi yao alikuwa kama mama mkwe wako, bahari ameisikia redioni tu. Nikamwahidi Jumapili nitampeleka. Usiku wake mwezi ulikuwa mpevu, unang'aa juu ya mapaa ya mtaa wa Kibokoni, nami nausifu badala ya kufikiri. Saa nne asubuhi nikawafikisha Bamburi. Bibi akavua viatu, akavishika mkononi, leso kaifunga vizuri, akatazama mbele. Mchanga, mwani, mawe, madimbwi, na huko mbali kwenye mwamba mstari mweupe wa mawimbi. Akanigeukia kwa upole: "Bahari imekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Mjukuu wake naye akaenda kuitafuta, akakanyaga ile miiba myeusi ya baharini, asubuhi yote ikaishia kusaka papai bichi tumpake utomvu mguuni. Mama yangu alinicheka wiki nzima: binti wa mvuvi kasahau bamvua!

Kwa hiyo fanya hivi. Mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na kwetu hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, yakapwa mnamo saa nne. Kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50. Mwezi ukifika nusu, mambo yamegeuka, maji hujaa mnamo saa nne asubuhi, tena ni maji mafu, hayana fujo. Nyinyi mna Jumapili asubuhi tu ya kuogelea. Basi mwambie mumeo aombe Ijumaa iliyo karibu na nusu mwezi. Kama mwajiri hakubali, nendeni ufukweni Jumamosi jioni na ngome ya Fort Jesus muiweke Jumapili asubuhi.

Treni: ile ya usiku achaneni nayo. Inawashusha Miritini, kituo cha Mombasa, kabla ya adhana ya alfajiri, mtoto wa miaka minne kalala begani, chumba cha hoteli hakijawa tayari. Pandeni ya alasiri, Ijumaa. Ratiba hubadilika, itazameni kabla ya kulipa. Fikeni Syokimau, kituo cha Nairobi, mapema, kwa sababu mizigo hupangwa chini kwa safu mbwa apite akiinusa, na nakuhakikishia watoto wako wataizungumzia habari hiyo kuliko Fort Jesus. Mkishapita Mtito Andei waambie wakae dirishani, hapo ni Tsavo na bado kuna mwanga. Ndovu wa huko ni wekundu kama udongo wao.

Laleni kisiwani, si pwani ya kaskazini. Hoteli nyingi za kisiwani hazina bwawa la kuringia, lakini Jumamosi mtatoka kwa miguu.

Jumamosi amkeni na mapema. Mahamri kwa mbaazi, chai ya tangawizi, halafu saa mbili kamili muwe mlangoni pa Fort Jesus, inapofunguliwa. Msiende saa sita. Yale mawe ya matumbawe huhifadhi joto, na uwanjani hakuna pa kulikimbia jua. Njia ya kuingilia ina mteremko, mshike mama mkono taratibu. Ndani ni tambarare, atapata pa kukaa.

Watoto usiwachoshe kwa tarehe. Waambie tu kwamba Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, kisha uwape kisa cha kuzingirwa, kwa kuwa hicho ndicho kisa. Waomani waliizunguka ngome Machi 1696 na hawakuipata hadi Desemba 1698. Ndani watu walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Ulifika wakati Wareno wamekwisha, na aliyebaki kuishika ngome ni Mswahili wa Faza, Bwana Daud, pamoja na jamaa zake wachache. Mwaka 1697 merikebu ya Wareno, Santo António de Tanna, ilizama papo hapo mbele ya ngome, na vitu vilivyoopolewa kutoka humo vimo katika makumbusho. Mwanao wa miaka 11 muonyeshe pia michoro waliyoichora askari ukutani, merikebu na samaki. Walikuwa wamechoka, wakikumbuka kwao. Waingereza nao waliigeuza jela, tangu 1895 hadi 1958. Wazee wetu mpaka leo wengine wakitaja ngome wana maana ya kufungwa.

Mkitoka, ingieni Ndia Kuu. "Ndia" ni njia, kwa Kimvita chetu. Hapa ndipo msikimbie. Tazameni milango ya nakshi na roshani za mbao, mpite msikiti wa Mandhry wenye mnara mpana chini na mwembamba juu, mpaka bandari ya kale. Mama mkwe akichoka, nyumba nyingi zina baraza ya mawe nje ya mlango. Baraza imejengwa kwa ajili hiyo. Atoe salamu, akae. Pengine ataletewa maji, na akipata mzee mwenziwe msishangae mkimkuta hataki kuondoka. Mavazi yawe ya heshima, leso mbili begini zinatosha, na picha za watu ombeni kwanza.

Kabla ya adhuhuri rudini hotelini, mle na mlale. Ndiyo, mlale. Mji mzima unapumzika wakati huo, nyinyi mnakimbilia wapi?

Alasiri chukueni tuktuk hadi Mama Ngina Drive, chini ya mibuyu. Mhogo wa kukaanga, chumvi, pilipili na ndimu, dafu mkononi. Meli za mizigo zinazoingia bandari ya Kilindini hupita karibu hata mtoto anaweza kusoma jina ubavuni. Mama mkwe hapo ataiona bahari akiwa amekaa, bila kuvua viatu.

Jumapili, bahari yenyewe, Bamburi au Nyali, kabla watu hawajajaa. Haller Park iko Bamburi huko huko, ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji yakapandwa miti, na kobe wake wakubwa watamfurahisha mdogo. Lakini kama muda umebana, iacheni. Twiga mnao Nairobi. Saa sita muwe mmeshaoga na kula, muelekee Miritini. Usimkubali mtu atakayekwambia dakika 40 zinatosha kutoka Bamburi. Jumapili hazitoshi.

SWALI: Shangazi, mimi na mke wangu tunabishana. Mahamri na mandazi si kitu kimoja chenye majina mawili?
— Mpenda Chai, Nakuru

JIBU: Mkeo amesema si kitu kimoja? Basi kashinda. Hamri hukandwa kwa tui la nazi na iliki, huachwa liumuke, jina lenyewe linatokana na hamira. Likiingia mafutani hufura, ukilipasua ndani ni tupu, hapo ndipo mbaazi huingia. Hayo yenu ya Nakuru yamejaa hadi katikati na yanashibisha, siyakatai, nimeyala stendi nikasafiri salama. Lakini mbaazi utaziweka wapi?