Kijana anagonga viunzi, tumfungie vizito miguuni?

SWALI: Shikamoo kocha. Mi ni mwalimu wa michezo sekondari, nina kijana wa miaka 16 anakimbia viunzi mita 110, na tumeshamjaribu mkuki na kuruka juu pia anaweza. Nilisoma habari za Maurice Smith wa Jamaica, yule wa dekathloni (mashindano ya matukio kumi yanayojumlishwa kwa pointi) aliyekuwa moto kwenye viunzi, nikapata hamasa. Tatizo huyu wangu kuanzia kiunzi cha sita anavigonga vyote. Kuna mtu kajitokeza anasema ni kocha, kashauri tumfungie vizito vifundoni miezi miwili ili aruke juu zaidi, na aache hayo matukio mengine. Tumeshaanza wiki hii. Unasemaje?

JIBU: Marahaba mwalimu. Vizito vitoe leo, halafu tuongee.

Hili swali naletewa kila msimu na limeshanichosha, maana chanzo chake ni kosa lile lile, watu wanaamini mkimbiaji wa viunzi ni mrukaji. Sio. Ni mtu wa mbio fupi ambaye njiani kawekewa viunzi kumi. Na kwa kuwa Smith umemtaja mwenyewe tumtumie huyohuyo, matokeo yake ya mashindano ya dunia Osaka 2007 yanamaliza ubishi. Alishika nafasi ya pili kwa pointi 8644, Roman Šebrle wa Czech akachukua dhahabu kwa 8676, yaani siku mbili, matukio kumi, wameachana pointi 32 tu. Sasa ingia ndani ya hizo pointi. Mita 100 alikimbia 10.62. Viunzi alikimbia 13.91 akapata pointi 986, na hakuna tukio lingine lililompa nyingi kuliko hilo. Kuruka juu je? Mita 1.97, pointi 776. Kwa ngazi ile 1.97 ni ya kawaida sana, wapo wenzake wanaoruka zaidi ya 2.10 na viunzi vyao havifiki huko. Kama viunzi ingekuwa kazi ya kuruka juu huyu bwana 13.91 angeisikia tu kwa watu. Kilichompeleka ni spidi.

Bado una wasiwasi? Mwangalie Mjamaika mwingine, Omar McLeod, bingwa wa Olimpiki Rio 2016 kwa sekunde 13.05. Sio mrefu kwa hii kazi, ana kama mita 1.80, lakini ndo mtu wa kwanza kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10 na viunzi mita 110 chini ya sekunde 13.

Haya turudi kwa kijana wako. Anavuka vitano vizuri halafu cha sita anaanza kugonga, sasa nguvu za kuruka zimeenda wapi ndani ya sekunde tisa? Hazijaenda popote, kilichopungua ni spidi. Kutoka kiunzi hadi kiunzi ni mita 9.14, na katikati anapiga hatua tatu. Anapaa mita mbili na kidogo kabla ya kiunzi, anatua mita moja na kidogo baada yake, kwa hiyo hatua tatu zimebakiwa na kama mita tano na nusu tu. Ni hatua fupi zenye kasi sana. Akichoka hatua zinafupika zaidi, anafika bado yuko mbali na kiunzi, anaupeleka mguu wa mbele kuufikia kwa kunyoosha tu, mwili unaanza kushuka kabla hajavuka na paja au mguu wa nyuma unagonga. Wewe ukisimama pembeni unaona "hajaruka vya kutosha", na ukimwambia aruke zaidi anakaa hewani muda mrefu, anatua kisigino kikiwa mbele ya mwili, spidi inakufa pale pale na kiunzi kinachofuata kinakuwa kibaya zaidi!

Cha kufanya: kwanza pima urefu wa viunzi vyenu. Chini ya miaka 18 ni sentimita 91.4, zile 106.7 ni za wakubwa, na shule nyingi zina seti moja ya mbao iliyotengenezwa kwa kubahatisha kila mtu anakimbilia hiyohiyo. Pili, mazoezini sogeza viunzi karibu, hata mita 8.5, apate hatua tatu bila kujinyoosha, kisha utaviachanisha kidogo kidogo. Mguu wa nyuma aupitishe pembeni goti likiwa juu, nyonga ifunguke, hilo mnaweza kulifanya kwa kutembea tu. Na akimbie mita 100 na 200 tupu bila kiunzi chochote. Akigusa kiunzi kidogo asiogope, kukiangusha kwa bahati mbaya mara nyingi sio kosa, mradi hajamwingilia wa leni ya jirani.

Kuhusu kuacha mkuki na kuruka juu, asiache. Ana miaka 16. Wavulana wa sekondari Jamaica wanashindana mpaka dekathloni kwenye Champs pale Kingston, mashindano ya shule yaliyoanza 1910, na hakuna anayewaambia wamepotea njia. Smith mwenyewe Osaka mkuki alirusha 53.61 wakati Šebrle alipita mita 71, ukiniuliza mimi dhahabu iliondokea hapo. Na Lindon Victor katoka Grenada, kisiwa cha watu laki moja na ushee, kaleta shaba ya dekathloni mashindano ya dunia Budapest 2023 na nyingine Olimpiki ya Paris 2024.

Sasa huyo mtu wenu. Vizito vifundoni wakati wa kukimbia vinabadilisha namna mguu unavyozunguka, mguu unachelewa, na misuli ya nyuma ya paja inafanya kazi ya kuubreki mzigo ambao haijauzoea. Kijana bado anakua. Mimi napokea vijana wa hivi nyonga zinauma, wamekaa nje msimu mzima, na aliyewafunga hivyo vyuma simu hapokei. Wamejaa siku hizi, mtu kaangalia video tatu kashaanza kuuza programu ya wiki sita kwenye WhatsApp, na mara nyingi vizito ni mlango tu, wiki ya pili analeta kopo la unga wa virutubisho. Hapo ndo pa kuogopa hasa. Asafa Powell na Sherone Simpson, wakimbiaji wakubwa wa Jamaica wenye mameneja na madaktari, 2013 walikutwa na oxilofrine, kichocheo kilichopigwa marufuku, iliyotokana na virutubisho walivyokuwa wanatumia, wakafungiwa miezi 18 kabla Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo haijaipunguza kuwa 6. Hao walikuwa na mawakili. Mwanafunzi wa sekondari atatetewa na nani?

Kwa hiyo wewe na walimu wengine mnaosoma hapa, mtu akija na maneno ya namna hii muulizeni kiunzi cha chini ya miaka 18 kina urefu gani, na kutoka kwenye mstari wa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita ngapi (ni 13.72). Akianza kuzunguka zunguka msimpe hela, na mtoto asiende kwake hata kama anasema mazoezi ni bure.