Mwanangu hakubemendwa, alikosa jua

Mwanangu wa pili alifikisha mwaka na miezi minne hajasimama dede. Meno mawili tu mdomoni, usiku kichwa kinatoka jasho mpaka foronya inalowa, na nikimvuta asimame analia huku amekunja miguu. Majirani wakaanza kunong'ona: kabemendwa, yaani mzazi katoka nje ya ndoa mtoto akiwa bado mchanga, ndiyo maana kadhoofika. Mama mmoja akaniambia waziwazi nimuulize mume wangu huwa analala wapi. Tukagombana ndani karibu mwezi mzima, na mwezi wote huo mtoto hakupelekwa popote. Unaniuma hadi leo.

Siku nilipompeleka hospitali, daktari alimshika mikono kabla hata ya kutazama miguu. Akanionyesha vifundo vya mikono: vinene, kama kavaa bangili chini ya ngozi. Eksirei na kipimo cha damu vikathibitisha ni matege ya upungufu wa vitamini D. Kisha akauliza, "Mama, huyu jua analipata wapi?"

Nikamjibu kwamba nyumba yetu ina mwanga wa kutosha. Tunaishi ghorofa ya tatu Kariakoo, dirisha kubwa la kioo, jua linafika mpaka kwenye zulia, na dada alikuwa anamlaza palepale. Daktari akatikisa kichwa. Miale inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D haipenyi kioo cha dirisha. Miezi yote ile mwanangu alikuwa anapata joto tu. Na nikitoka naye, nimemfunika kofia, soksi na kitenge juu, hata Januari.

Bila vitamini hiyo utumbo haufyonzi kalsiamu ipasavyo, mifupa inabaki laini, na mtoto akianza kuibebesha uzito inapinda. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo sana. Ndiyo maana nchi nyingi hushauri mtoto anayenyonya apewe matone ya yuniti 400 kwa siku. Na ngozi zetu nyeusi zinahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe.

Mama mkwe wangu, mtu wa Kilwa, alisema tangu arobaini: mtoeni mtoto nje. Nikamjibu nje kuna vumbi na bodaboda. Sasa tunapanda juu ya paa, penye kamba za nguo, saa tatu na nusu hivi. Mkeka, mtoto kabaki na nepi na kofia, dakika kumi au kumi na tano, tunashuka. Jua la saa moja asubuhi ni la upole, ila kwa kazi hii ni hafifu: kivuli chako kikiwa kirefu kukuzidi, ngozi inatengeneza kidogo mno. Lakini kama mwanao ana ualbino, tafadhali usimwanike juani. Ngozi yake inaungua haraka, na saratani ya ngozi iko karibu naye. Muone daktari akushauri njia nyingine.

Kwenye chakula, vibua, kiini cha yai na maini vinasaidia, na dagaa wanaoliwa na miba yao wanaongeza kalsiamu. Mtoto aliyekwisha kuugua, chakula peke yake hakitoshi. Wangu alipewa vitamini D na kalsiamu kwa kipimo cha daktari. Usinunue duka la dawa ukakadiria mwenyewe, maana ikizidi kalsiamu hupanda kwenye damu, mtoto anatapika na figo zinaumia.

Tena si kila mguu uliopinda ni ugonjwa huu. Watoto wengi wanapoanza kutembea miguu huwa na upinde kidogo, na hunyooka wakikaribia miaka miwili. Upande wa Arusha na Meru, madini ya floridi yakizidi kwenye maji nayo hupinda mifupa ya watoto, na hali hiyo jua haliiponyi. Kwa hiyo apimwe kwanza, mama mwenzangu, kabla hujamkanda mafuta na kabla hujamshuku mtu yeyote nyumbani kwako.

Wangu alisimama wiki ya kumi na moja ya dawa, kule juu ya paa, kashikilia ukingo wa beseni la nguo kwa mikono miwili.