Shangazi, Mke Wangu Analala na Vitabu

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Tangu mtoto wetu afariki mwaka jana kwa malaria (usiku ule niliwaambia tusubiri kupambazuke) mke wangu hana habari na mimi. Mchana kazini, usiku riwaya. Tena si riwaya za mapenzi. Ni misiba mitupu, familia zinazosambaratika, wanawake wanaoacha makwao. Kitabu kimoja anakinunua karibu shilingi elfu hamsini! Haongei nami. Akiongea ni kunisomea vipande vya kitabu wakati nataka kulala, nikizima taa anawasha tochi ya simu. Mama yangu anasema vitabu hivyo vinaita mauti nyumbani, hasa kile kiitwacho Kintu, ambamo baba anampiga kofi mtoto wa kulea, mtoto anakufa, kisha baba anarudi nyumbani anaficha. Mama pia amewakataza watu wasimwite tena Mama Fulani kwa jina la marehemu, ili asahau haraka. Mimi mambo ya riwaya siyajui, sijawahi kufungua hata moja. Mwezi uliopita nilivichukua vitatu nikampa muuza rolex, zile chapati za mayai, azifungie. Sasa mke amehamia chumba cha wageni. Nifanye nini arudi kuwa mke? – Mume Aliyechoka, Malaba.*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kufiwa. Pole hiyo inatoka moyoni na sitairudia, kwa sababu barua yako ina mengine ya kujibiwa.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona mume anayemlalamikia mkewe, na hao ninao wengi, wanajaza kapu. Mara ya pili nikaona kwamba bei ya kitabu umeiandika, tochi ya simu umeiandika, chapati umeziandika, ila mtoto amepata nusu sentensi, na umri wake hukuutaja. Mara ya tatu nikayaona mabano. Kuna jambo moja tu katika barua nzima ulilolifungia ndani ya mabano, kama mtu anayepitisha mzigo chini ya turubai akitumaini afisa hatainua. Wewe kazi yako ni forodha, unajua tunavyowatazama watu wa namna hiyo. Nimeinua turubai.

Swali langu ni hili: mtu ambaye hajawahi kufungua riwaya hata moja amejuaje habari za lile kofi?

Usiniambie ni mkeo aliyekusomea, umeshasema akianza unazima taa. Usiniambie ni mama yako, yeye anachojua ni neno mauti tu. Kitabu hicho cha Mganda Jennifer Nansubuga Makumbi, kilichotoka mwaka 2014, ninacho hapa kwenye kabati langu, na kofi hilo linapigwa safarini, mwaka 1750, mbali na nyumbani, mama aliyemlea yule kijana hayupo. Umeandika kwamba mtoto ni wa kulea. Umeandika kwamba baba anarudi na kuficha. Kitabu umekisoma, mwanangu. Nadhani ulikisoma garini, kwenye foleni ya malori, ukafika pale baba anaporudi kwake akiwa na neno asiloweza kulitamka, ukakifunga. Baada ya hapo ukaenda kumtafuta muuza rolex.

Mkeo simlaumu hata chembe. Nakulaumu wewe, ila si kwa lile unaloliogopa. Kusubiri kupambazuke si kofi. Ni nyumba ngapi huko kwenu wilayani Tororo ambazo mtoto amepata homa usiku, wakampa Panadol, wakasema alfajiri tutakwenda? Nyingi hufika asubuhi salama. Malaria kali inaweza kumchukua mtoto mdogo ndani ya siku moja, na wewe hukuwa na kipimo mkononi. Ninalokulaumu ni kunyamaza, kisha kuwaadhibu waliothubutu kusema, hata kama wameandikwa kwenye karatasi. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua. Chako kimekufichua ndani ya mabano.

Unasema mkeo haongei. Anakusomea usiku! Mwanamke ambaye maneno yake yamekwisha anaazima ya mwandishi, anakuletea kitandani, nawe unazima taa. Hayo ni mazungumzo kuliko yale ya "umekula?" na "umeme umelipwa?" ambayo ndoa nyingi siku hizi zinaishi nayo. Nitatoka nje ya mada kidogo, mnivumilie. Zamani msiba ulikuwa na watu wake. Majirani walilala kwenu, matanga yalikaa, aliyefiwa alisimulia kifo kilekile kwa kila aliyeingia mlangoni mpaka kikamzoea ulimini. Siku hizi tunaunda kundi la WhatsApp la michango, tunazika Jumamosi, Jumatatu kila mtu yuko kazini, na kundi linageuzwa kuwa la harusi ya binamu. Wenzetu Baganda bado wana okwabya olumbe, siku ya kufunga msiba na kumsimika mrithi, hata miezi ikiwa imepita. Lakini mtoto mdogo ana mrithi gani wa kusimikwa? Msiba wake haufungwi na mtu. Sasa mkeo amepata watu wa kukaa naye matanga, wamo ndani ya vitabu, nawe umekwenda kuwafungia chapati.

Wala asikudanganye mtu kwamba hizo ni hadithi za Wazungu wasio na kazi. Hapa Kampala akina mama waandishi wana chama chao, FEMRITE, tangu mwaka 1996, na mengi wanayoandika ni haya haya ya nyumbani: mume, mkwe, kaburi, mtoto. Mnigeria Ayobami Adebayo ana riwaya ya mwaka 2017, Stay With Me, ya mume na mke wanaozika watoto. Mke anasimulia, kisha mume anasimulia, kwa zamu, na kila mmoja ana siri yake. Sijui kama ilikuwa miongoni mwa zile tatu. Kama ilikuwamo, basi umemkabidhi muuza chapati zamu yako.

Mama yako nampa nusu haki. Anakupenda na amezika wengi, njia yake ni kufunika. Lakini kumvua mwanamke jina la Mama Fulani ni kumfisha mtoto mara ya pili, na hilo halikuwa lake kuamua. Utakwenda kwake Jumapili, utamwambia kwa adabu kwamba jina linarudi. Wewe ndiye utakayelitumia wa kwanza, mbele yake, mezani.

Kuhusu mkeo, usimfuate chumba cha wageni ukidai haki zako, nimekuona. Jambo moja tu la tahadhari: riwaya si dawa ya kila kitu. Akiwa hali chakula, halali usingizi, au anasema maneno ya kutaka kumfuata mtoto, usinisubiri mimi wala kupambazuke. Hospitali ya rufaa ya Mbale wana kitengo cha afya ya akili, mpeleke, na wewe uketi naye humo ndani, usibaki nje na simu.

Kama hajafika huko, nenda kwa yule muuza rolex leo jioni. Mlipe. Usipige kelele, kosa si lake. Chukua kila karatasi ambayo mafuta hayajaimaliza, mpelekee mkeo kama ilivyo, na harufu yake ya vitunguu, umwambie nimevitoa mimi, nimekosa. Kisha keti sakafuni mlangoni mwa chumba hicho na umsimulie usiku ule wote, tangu saa homa ilipopanda, bila mabano. Ukimaliza, mwombe akusomee.

Na kama Kintu imebaki bila kurasa za mwanzo, si neno. Hizo umeshazisoma.